Kompyuta ya Kukimbizana na Mdogo Wangu

Ujumbe uliingia Jumapili asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Ulitoka kwa mdogo wangu wa kike aliyeolewa Maskati, na maneno yake yalikuwa machache: "Kaka, siku hizi unatumia kompyuta gani?"

Niliusoma mara tatu. Ilikuwa imepita miaka mitatu bila mdogo wangu kuniuliza swali lolote. Idi ikifika alinitumia salamu, nami nikamrudishia. Mwezi ukiandama aliniombea Ramadhani njema, nami nikamjibu hivyo hivyo, tukawa kama majirani wanaorudishiana sahani tupu. Aliyezungumza naye kila wiki ni mama. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikisikia sauti yake ikitoka kwenye simu ya mama, nikijua kwamba nikiingia ataaga.

Sikuwa na kompyuta. Nilikuwa na simu iliyopasuka kioo, na shuleni ilikuwapo mashine moja ya ofisini ambayo walimu tulipangiana zamu ya kuchapia mitihani. Lakini nilijua kwamba nikimjibu "sina", mazungumzo yatakufa hapo hapo mpaka Idi nyingine. Nikaandika: "Sasa hivi natafuta ya kununua."

Haikuwa kweli. Nilichokuwa natafuta ni pikipiki ya kunipeleka kazini, maana shule yangu iko njia ya Kaole na baiskeli yangu ilikuwa imechoka kuliko mimi.

"Ya kazi au ya kuchezea?" akauliza.

Nikakaa na kalamu nyekundu mkononi. "Ya kuchezea," nikamjibu. "Mchezo wa magari."

Akachelewa kujibu. Nikaona alama kwamba anaandika, ikapotea, ikarudi. Mwisho akatuma sauti, ya kwanza aliyonitumia mimi katika miaka hiyo mitatu. Alisema, "Basi usinunue kitu kabla hujaniuliza."

*

Marehemu baba alikuwa na duka la misumari, rangi na kamba hapa Bagamoyo, chini ya nyumba yetu ya mawe. Duka chini, sisi juu. Nilipokuwa na miaka kumi na saba alinunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya kuandika mali ya dukani. Mali haikuandikwa hata siku moja. Ndani ya mashine ile mlikuwa na mchezo wa magari, na mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyeugundua.

Kibodi ilikuwa moja. Yeye aliendesha kwa vile vitufe vya mishale upande wa kulia, mimi kwa herufi upande wa kushoto, tumekaa juu ya ndoo mbili za rangi, viwiko vinagombana. Kila tukicheza alinishinda. Alinishinda mpaka nikaanza kusingizia kwamba kitufe changu kimoja kimelegea. "Hakijalegea," alikuwa akisema. "Wewe unaogopa kona. Kona ikija unashika breki kabla hujaiona."

Baba alitutazama kutoka nyuma ya kaunta. Mteja akiingia alisema tu, "Mpisheni mwenzenu apite," kisha akaendelea kupima kamba kwa mkono, pima moja, pima mbili. Hakutukataza. Naamini alipenda kusikia kelele zetu dukani.

Alipotimiza miaka ishirini na mitatu mdogo wangu aliposwa na ndugu wa upande wa mama aliyezaliwa Maskati, akaondoka. Miaka ya mwanzo tulizungumza karibu kila siku. Huko alipata mimba mbili, zote zikaharibika. Ya tatu ilipofika mwezi wa tisa, baba alikuwa kitandani, moyo umechoka.

Siku moja baada ya sala ya alasiri baba aliniita, akaniambia nifunge mlango. "Mdogo wako asiambiwe hali yangu," alisema. "Na likitokea la kutokea, asiambiwe mpaka ajifungue. Ameshapoteza wawili. Huyu tumwache afike."

Nikamwambia, "Nimesikia, baba."

Alifariki Alhamisi alfajiri, tukamzika baada ya adhuhuri. Simu yake nilibaki nayo mimi, mfukoni. Mdogo wangu hakujua kitu, akawa anaendelea kumtumia baba sauti kama kawaida yake. Kesho yake akanipigia: "Mbona baba hapokei?"

Nikamwambia, "Baba amepumzika."

Nililichagua neno lile kwa makusudi, kwa sababu sikutaka kumwambia uongo. Siku tisa nilimjibu hivyo. Amepumzika. Bado amepumzika. Siku ya tisa alijifungua salama mtoto wa kiume, na ya kumi mumewe akamweleza.

Alinipigia mchana. Hakupiga kelele. "Uliniambia amepumzika," alisema. Akarudia tena. Halafu akasema, "Umecheza na maneno juu ya baba yangu," akakata simu.

Sikumweleza kwamba agizo lilikuwa la baba. Baba alikuwa kaburini, hawezi kujitetea, na mimi nilikuwa hai. Niliona afadhali hasira iangukie mtu aliye hai. Mama naye nilimwomba anyamaze. Ndivyo ilivyoanza ile miaka mitatu.

*

"Una kiasi gani?" aliniuliza jioni ya Jumapili ile ile.

Nikamtajia. Zilikuwa fedha zote za pikipiki, milioni moja na laki tatu.

Sauti yake ikaja: "Kwa hizo, Kaka, hatutafuti kizuri. Tunatafuta kinachotosha. Chukua daftari."

Nikachukua daftari la mraba, lile la hisabati. Akanisomesha kama ninavyowasomesha watoto wa watu. Kuna prosesa, ndiyo inayofikiri. Kuna kadi ya picha, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo, na katika mashine ya kuchezea ndiyo inayokula fedha kuliko vyote. Kuna ramu ya kukumbuka ya papo hapo, kuna diski ya kuhifadhi, kuna ule ubao mkubwa unaopachikwa vyote hivyo, ambao mafundi huuita madabodi. Kuna pawa saplai ya kugawa umeme, na kasha la kuvifunikia. Kila kimoja kinauzwa peke yake, na kila kimoja lazima kikubaliane na mwenzake.

Nilimwambia ninaona bora nichukue prosesa rahisi kabisa, fedha yote iende kwenye kadi kubwa.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni biriani ya nyama kilo tano na mchele kibaba kimoja. Nyama itakaa tu pale inakutazama."

Nilicheka peke yangu chumbani. Mama akauliza kutoka sebuleni nimecheka nini, nikamwambia nazungumza na mdogo wangu. Nilisikia tu amepunguza sauti ya runinga.

Ikawa kila siku baada ya magharibi tunapanga mashine. Nilimwuliza amejulia wapi mambo haya, akaniambia mumewe anafanya kazi bandarini kwa zamu na alinunua kompyuta yake, akaichoka baada ya miezi miwili. "Huku nyumba imefungwa kutwa, Kaka," alisema. "Kiyoyozi kinanguruma, mtoto amelala, jirani simjui jina. Nikaanza kuifungua ile mashine nijue kilichomo. Siku hizi naitengeneza mwenyewe. Nikiiwasha, angalau naona barabara."

Daftari langu lilijaa. Tulichagua prosesa ya viini sita, ya kizazi cha nyuma, kwa sababu ya mbele yake bei yake haikushikika. Tukachagua ramu vipande viwili vya gigi nane nane badala ya kimoja cha kumi na sita, akinieleza kwamba viwili hufanya kazi kwa kupokezana. Tukafuta diski kubwa tukaandika ndogo. Kasha la taa za rangi rangi nililolipenda mtandaoni alilifuta yeye. "Taa hazikimbii," alisema.

Kati ya bei ya ramu na bei ya diski alikuwa akidondosha mambo mengine. Kwamba mtoto wake anakataa kula samaki. Kwamba amejaribu kupika mkate wa kumimina na haukuumuka. Kwamba kuna harufu fulani ya rangi ya mafuta, akipita penye ujenzi, inamfanya asimame. Mimi nilimweleza kwamba duka tumelipangisha kwa mshona viatu, kwamba bati la uani limeliwa na chumvi, kwamba mama amepunguza mwendo. Juu ya baba hatukusema kitu. Tulilizunguka jina lake kama watu wanaozunguka shimo walilolizoea.

Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Orodha ilikuwa imekamilika lakini mimi nikawa natafuta sababu. Nikamwambia nimesikia bei zitashuka. Nikamwambia pengine tuangalie madabodi nyingine. Siku moja akaniuliza taratibu, "Kaka, kwani hutaki kununua?"

Sikuweza kumwambia ninachoogopa. Nilikuwa naogopa kwamba siku nitakayonunua hatutakuwa na la kuzungumza.

"Nakwenda Jumamosi," nikamjibu.

*

Kariakoo nilielekezwa kwa fundi mmoja, mwanamke mtu mzima, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo juu ya ushungi. Chumba chake kiko ghorofa ya pili, juu ya maduka ya mapazia. Alikuwa amefungua mashine ya mtu mezani, anaipulizia vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mgonjwa au umekuja kununua?"

Nikampa daftari. Akashusha miwani akasoma ukurasa wote bila haraka, kidole kinafuata mstari. "Nani kakuandikia?"

"Mdogo wangu. Yuko Maskati."

"Anajua kazi." Akageuza ukurasa. "Unakaa wapi?"

"Bagamoyo."

"Mbali na maji au karibu?"

"Karibu. Dirisha likiwa wazi tunasikia mawimbi."

Akainuka, akafungua droo, akanitolea kadi moja ya picha. Meno ya shaba ya kadi ile yalikuwa yameota ukungu wa kijani. "Hii ilikuwa ya mtu wa Pangani," alisema. "Aliiweka dirishani apate upepo. Chumvi haibishi hodi. Wewe iweke ukuta wa ndani, na ukiizima ifunike kwa shuka."

Kisha akapita orodha yangu kipengele kwa kipengele. Mahali pamoja tu alinisimamisha: nilikuwa nimeandika pawa saplai ya bei ndogo sana, ili nibakishe cha kuongezea kwenye kadi. Akaitafuta ile ya bei ndogo, akanipa niishike kwa mkono mmoja, na nyingine kwa mkono wa pili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

"Umeme wa huko kwenu unakatika na kurudi?"

"Unakatika."

"Basi huu wepesi utaulipia. Siku umeme ukirudi kwa kishindo, hii itakufa na itaondoka na wenzake. Punguza kwenye kadi, ongeza hapa."

Kadi alizokuwa nazo za fedha yangu zilikuwa mbili, zote za mtumba. Moja ilikuwa kubwa, feni tatu, inang'aa. Ya pili ilikuwa fupi, feni moja, imechubuka pembeni. Nilijikuta nimeishika ile kubwa.

"Nikwambie ukweli wake," akasema fundi. "Hiyo imechimba sarafu za mtandaoni miaka miwili, usiku na mchana, haijazimwa. Hiyo nyingine ilikuwa kwa mtu anayechora mabango ya matangazo. Imefanya kazi mchana, jioni imelala kama binadamu. Itachora picha za kawaida tu, lakini itakaa."

Nikatoka kwenye ngazi nikampigia mdogo wangu. Alipokea mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika simu mkononi akisubiri. Nikamweleza zote mbili.

"Chukua ya mabango," alisema.

"Ile nyingine ingetuonyesha mpaka majani ya miti."

"Kaka, mimi sitafuti majani ya miti."

Nilisimama pale kwenye ngazi watu wananipita na marobota ya mapazia. Nikasema, "Sawa." Nikarudi ndani nikamlipa fundi, akanifungia kila kipande kwa karatasi na kuniandikia kwa mkono namna ya kuvipachika.

*

Kioo cha kompyuta hakikuingia kwenye bajeti. Ilinibidi nimwombe mama runinga ya sebuleni, Jumamosi alasiri tu, na Jumamosi alasiri ndio wakati wa tamthilia yake.

Mama alinitazama. "Mtu mzima na ndevu zako," alisema, "unataka runinga yangu ucheze magari?"

"Nataka nicheze na mdogo wangu, mama."

Akakunja mkeka aliokuwa anausuka, akauweka pembeni. "Atakuwa anasikika?"

"Atasikika."

"Basi ichukue."

Jumamosi iliyofuata mashine niliipachika mwenyewe kwenye meza ya chakula, simu imeegemezwa kwenye birika, mdogo wangu ananitazama kutoka Maskati. "Usiikandamize," alisema nilipokuwa naweka prosesa. "Ikae yenyewe." Kila skrubu aliiona. Ilipofika saa kumi nikawasha. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, na runinga ikabaki nyeusi.

Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikachomoa ramu nikairudisha. Nyeusi. Nikafikiria pikipiki.

"Nionyeshe nyuma," alisema. Nikageuza simu. Akatazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaiweka simu chini, nikawa naona dari ya nyumba yake tu na kusikia kicheko. "Kaka," alisema mwisho, "waya wa runinga umeuchomeka kwenye madabodi. Kadi umeinunua ya nini?"

Nikauhamisha waya. Picha ikaja. Lakini mimi nilikuwa bado nasikiliza kile kicheko, kwa maana kilikuwa ni kile kile cha dukani, na sikuwa nimekisikia tangu kabla baba hajaugua. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Naye alikuwa anasikiliza.

*

Mchezo tulioupata una nchi nzima ya barabara. Ukitaka unashindana, usipotaka unaendesha tu. Mtandao wangu ni wa simu, kwa hiyo mara nyingine gari lake la kijani lilikuwa likiruka mbele yangu kama panzi, lakini sauti ilifika safi. Jumamosi za mwanzo tulishindana, akanishinda zote.

Jumamosi ya tano au ya sita alisema, "Leo tusishindane. Tuendeshe tu."

Tukaendesha. Barabara ilikuwa ndefu, kulia kwake milima. Tulikwenda muda mrefu bila neno. Kwenye simu hatukuweza kunyamaza hivyo. Kwenye simu ukinyamaza mwenzako huuliza kama upo. Hapa tuliyakaza macho barabarani na mikono ilikuwa na kazi.

"Kaka."

"Naam."

"Nani walimwosha baba?"

Kona ilikuwa inakuja. Nikaipita.

"Mimi na ami. Na mwalimu wa chuo cha Kurani alituongoza."

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Ya vuguvugu. Mama aliyachemsha mwenyewe, akatia majani ya mkunazi."

"Mlipita naye wapi?"

"Mbele ya duka. Halafu njia ya makaburini. Kulikuwa na manyunyu, si mvua."

Akauliza nani aliingia kaburini kumpokea. Akauliza watu walikuwa wengi. Nilimjibu kila kitu kwa utaratibu wake, kama alivyonipangia vipande vya mashine. Halafu akauliza, "Nani aliamua nisiambiwe?"

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimejiandaa kulichukua swali hilo mwenyewe. Nilifungua kinywa nikajua kwamba nikimdanganya tena, hata kwa neno lenye ukweli ndani yake, hatakuja tena Jumamosi yoyote.

"Baba," nikasema.

Gari la kijani likapunguza mwendo, likasogea pembeni, likasimama. Nikasimama nyuma yake.

"Alisemaje?"

"Alisema umeshapoteza wawili. Akasema, huyu tumwache afike."

Nilisikia pumzi yake kwenye hedifoni. "Aliniulizia?"

"Kila siku. Sauti zako alizisikiliza mara mbili mbili, ameiweka simu sikioni kama redio. Ile uliyosema mtoto anapiga teke kila ukila tende, aliirudia. Ilimchekesha."

"Aliisikia hiyo?"

"Aliisikia."

"Na nilizotuma baadaye?"

"Hizo nilizisikiliza mimi."

"Zote?"

"Zote."

Nyuma yake mtoto aliuliza kitu kwa Kiarabu, akamjibu kwa Kiswahili asubiri kidogo. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia ni yeye? Miaka mitatu, Kaka."

"Niliona bora unikasirikie mimi. Mimi nipo."

Magari yetu mawili yalikuwa pembeni ya barabara, taa zinawaka, hakuna anayekuja wala anayekwenda. Alipenga kamasi. "Twende," alisema. Tukaondoka pole pole, yeye kulia na mimi kushoto, hakuna aliyempita mwenzake, mpaka mtandao wangu ukakatika.

*

Jumamosi iliyofuata hakuja. Niliwasha mashine saa tisa, nikamsubiri mpaka mama akarudishiwa runinga yake. Jumamosi ya pili pia hakuja, na ujumbe wangu haukujibiwa. Nikajiambia kwamba nimemwondolea hasira juu yangu nikampa hasira juu ya baba, na hiyo ni nzito zaidi, maana hana wa kumpigia.

Jumamosi ya tatu gari la kijani lilikuwa limefika kabla yangu.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza.

"Nilikaa matanga," alisema. "Sikuwa nimeyakaa. Nimeanua juzi."

Nikamwambia, "Mungu amrehemu." Akasema, "Amin." Halafu akanishinda mara nne mfululizo.

Huu ni mwaka wa pili tukiendesha. Haji kila wiki. Mumewe alihamishiwa bandari ya mbali na Maskati na mtandao wa huko, anasema, hauna adabu. Mara mbili alinitajia tarehe ya kuja nyumbani, mara mbili ikaahirishwa; kwanza karatasi za mtoto, halafu zamu za mumewe. Mama alimtandikia chumba chake cha zamani mara zote mbili, na hajatandua. Kadi ya mabango inafanya kazi vizuri. Mimi bado naendesha baiskeli.

Jumamosi iliyopita mama alisema anataka kumwamkua mwanawe kule ndani ya mchezo. Nikamweka kwenye kiti changu, nikamvalisha hedifoni juu ya ushungi. Aliziweka sawa kwa mikono miwili. Wakaulizana hali, mtoto, chakula, joto la huko. Macho ya mama yalikuwa yanahangaika kwenye kioo.

"Uko gari gani?" aliuliza.

Sikusikia jibu, lakini mama aliinuka, akasogea mpaka kwenye runinga, waya wa hedifoni umevutika, akaweka kidole juu ya gari la kijani. Mdogo wangu akawa anaendesha taratibu, na kidole cha mama kikawa kinamfuata kwenye kioo, kushoto, kulia, kushoto.

Ilipoadhiniwa alasiri mama alivua hedifoni akanipa. Mdogo wangu alikuwa anaaga, mtoto wake ameamka. Nikanyoosha mkono nizime mashine.

"Usizime," mama alisema. "Mtu anayeondoka husindikizwa. Mwache mpaka apotee machoni."

Gari la kijani lilikuwa linapanda kilima. Nikauondoa mkono, tukasimama wote wawili tukilitazama.